Bolti Tatu

Fundi aliyepatikana aliitwa Kobe. Inspekta alipoelezwa sababu ya jina hilo alitamani kulia. Mji ule una mafundi wa kila aina, wapo wanaofungua injini huku wanatafuna, na wapo wanaokurudishia gari kabla hujamaliza kueleza ugonjwa wake. Lakini asubuhi ile wote walikuwa njiani, wote walikuwa "nipe nusu saa, afande". Mwenye nafasi alikuwa Kobe peke yake, na alikuwa na nafasi kwa sababu wenye haraka hawaendi kwake.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na robo. Karani hakuwa ameonekana tangu Jumatatu saa moja asubuhi.

Karani huyo ni mzee aliyestaafu zamani, mwenye kisukari cha sindano, moja asubuhi na moja jioni. Macho yake yamebaki kutofautisha mwanga na kivuli, basi. Sindano zake zilikuwa kwenye friji ya bintiye, hakuna iliyoguswa tangu Jumatatu. Daktari alimwambia Inspekta bila kuzungusha maneno: bila dawa ni siku mbili, na akiwa na bahati, tatu. Siku mbili zilikwisha asubuhi ile.

Kwenye benchi la gereji, miguu ameikunja, gazeti mkononi, aliketi mume wa binti huyo. Kituoni walikuwa wameshazoea kumwita Mkwe. Nyumba walimokuwa wakiishi ilikuwa ya karani, na mwezi uliopita karani alikataa mbele ya watu watatu kuiandika kwa jina la Mkwe. Baada ya hapo Mkwe akawa mpole kupita kiasi. Inspekta hakuupenda upole ule, lakini upole si kosa la jinai.

Maelezo ya Mkwe yalikuwa mafupi, na hayakubadilika hata alipoulizwa mara nne. Mzee alitoka mwenyewe na fimbo yake, labda alipotea. Gari? Gari ni bovu wiki ya tatu sasa, usukani umelegea, na tangu Jumapili halijatoka uani. "Ningempeleka wapi, afande? Mgongoni?" Jirani mmoja alisikia injini Jumatatu saa moja asubuhi. Jirani wa pili aliapa kwamba hakusikia kitu. Mkubwa wa kituo alichoka kusikiliza. Alimwambia Inspekta amwachie mtu huyo saa sita kamili, kwa sababu wakili wake ameshapiga simu mara mbili.

Ndiyo maana gari lilivutwa kwa kamba hadi kwa Kobe. Likiwa limelegea wiki tatu, basi Mkwe anasema kweli, na Inspekta amepoteza siku mbili za mzee wa watu akimfuata mtu asiye na hatia. Hakutaka kufikiria zaidi ya hapo.

"Lisukumeni juu ya shimo," Kobe alisema. "Taratibu. Magurudumu yakae chini, yabebe uzito."

"Hulipigi jeki?" konstebo aliyefuatana na Inspekta aliuliza.

"Gari likining'inia viungo vyote vinanyooka, vinajifanya vizima. Gari ni kama mgonjwa, mwanangu. Mpime akiwa amesimama kwa miguu yake, utajua anaumwa wapi."

Kobe alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alichukua chaki akachora alama juu ya usukani, akachora nyingine kwenye dashibodi, zikakutana. Kisha akamkalisha Inspekta kwenye kiti cha dereva.

"Zungusha kushoto mpaka uone gurudumu linataka kusogea. Hapo simama. Sasa rudi kulia, vivyo hivyo. Mimi natazama gurudumu."

Inspekta alizungusha. Usukani ulikwenda, ukaenda, gurudumu likakaa kimya kama halihusiki. Kobe alipima kwa mkono wake umbali ambao chaki ilikuwa imesafiri.

"Vidole viwili, ningesema ni uzee. Hii ni shubiri nzima."

"Si niliwaambia?" Mkwe alisema kutoka kwenye benchi. Hakusema kwa ushindi. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma Inspekta. "Mnapoteza muda wenu bure, na mzee bado yuko huko nje."

Akatazama saa ya ukutani. Inspekta alikuwa amehesabu, hii ilikuwa mara ya tano.

"Kwamba limelegea, tumeona," Inspekta alimwambia Kobe kwa sauti ya chini. "Mimi ninachotaka kujua ni lini."

"Kwanza ni wapi. Lini inakuja baada ya wapi."

"Mzee wangu, kuna mtu anakufa."

Kobe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimesikia. Na mimi nikikosea kwa haraka, atakufa vilevile, sivyo? Kaa hapo hapo. Chezesha usukani kulia na kushoto, kidogo kidogo, usiache mpaka nikuambie." Akashuka shimoni na taa yake.

Ikawa hivyo. Inspekta alichezesha, na sauti ya Kobe ikapanda kutoka chini ikitaja viungo kimoja kimoja, kama mtu anayeita majina darasani. Alianzia kwenye magurudumu kuelekea mkononi mwa dereva, kwa sababu, alisema, wote wanaoanzia mkononi husimama kwenye kosa la kwanza wanaloliona. Bol-joint ya kushoto, kifundo kinachobeba gurudumu, nzima. Ya kulia, nzima. Tairodi ya kushoto, fimbo inayovuta gurudumu, kiungo chake kimekaza. Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa binti wa karani. Aliipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani.

"Dada, mmepata chochote?"

"Bado, mdogo wangu."

"Yeye yuko hapo? Mume wangu? Amekula?"

Inspekta alisema atampigia, akakata.

"Simama!" Kobe aliita. "Kiungo cha tairodi ya kulia. Mpira wake umechanika. Kinacheza."

Mkwe alinyanyuka kwenye benchi. "Hicho hicho! Fundi wangu wa zamani alikitaja hicho hicho, wiki tatu zilizopita. Afande, andika basi."

Konstebo alifungua daftari. Mpira ulikuwa mkavu, umepasukapasuka kwa jua, na grisi iliyotoka ilikuwa imegeuka lami. Ule haukuwa ugonjwa wa jana. Inspekta alishuka shimoni akautazama mwenyewe, akauona, akajua kwamba mtu yeyote mahakamani angeuona vilevile. Saa nne kasoro dakika kumi.

"Basi tumemaliza," alisema.

"Nani amemaliza?" Kobe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hiki kinacheza kiasi cha unene wa shilingi. Ukikipeleka mpaka kwenye usukani kinakupa vidole viwili, pengine vitatu. Mimi nimepima shubiri. Iliyobaki iko wapi? Rudi juu ukachezeshe."

Alirudi juu. Alichezesha mpaka mabega yakamuuma. Akasikia Kobe huko chini akijisogeza, akipumua, akiguna. Kisha taa ikazimwa, na kichwa cha Kobe kikachomoza kwenye ukingo wa shimo.

"Njoo uone. Konstebo, kaa wewe kwenye usukani. Bwana yule asiondoke."

Usukani wa gari la zamani, Kobe alieleza, unashuka kwa fimbo hadi kwenye boksi la chuma, na boksi ndilo linalosukuma vyuma vinavyogeuza magurudumu. Boksi limefungwa kwenye chesesi kwa bolti tatu. Chesesi ni mfupa wa gari, na boksi halitakiwi kusogea hata unywele. "Chezesha!" aliita, na boksi likanyanyuka likainama, likanyanyuka likainama.

"Shubiri yako hiyo," Kobe alisema. "Bolti zote tatu zimelegea."

"Zinaweza kulegea zenyewe?"

"Zinaweza. Moja, baada ya miaka ya makorongo. Lakini zikilegea zenyewe, chuma kinasuguana na chuma siku nyingi, kinatoa unga mwekundu wa kutu, unachuruzika mpaka chini. Tundu la bolti linapanuka. Tafuta huo unga."

Inspekta alitafuta. Hakukuwa na unga. Kulikuwa na tope la zamani, gumu, lililofunika boksi na chesesi kama plasta, na tope hilo lilikuwa limepasuka mstari mmoja mahali boksi linapokutana na chesesi. Kingo za ufa zilikuwa kali. Kichwa cha kila bolti kilikuwa na mikwaruzo miwili inayong'aa, mipya.

"Spana isiyo saizi yake," Kobe alisema. "Ya kupanua na kubana. Imeteleza hapa, ikateleza hapa. Mtu huyu si fundi, na alikuwa na haraka. Halafu gari likatembea kidogo tu baada ya hapo. Nikikisia, kilomita thelathini, arobaini. Zaidi ya hapo ufa huu ungesagika. Wiki tatu? Hapana. Siku mbili, tatu."

Kwa hiyo gari lilikuwa zima Jumatatu, na lilitoka. Inspekta alikuwa na uongo wa Mkwe mkononi, uongo kamili wenye uzito wa chuma, na alipotaka kufurahi aligundua kwamba haumsaidii kitu. Uongo unamfunga mtu. Haumwambii mtu karani yuko wapi. Kwenye ukingo wa shimo aliona viatu vya Mkwe vimesimama imara, vimepigwa rangi.

Alipanda juu akamkabili. "Nani alilegeza bolti za boksi?"

"Bolti gani?"

"Gari lilitoka Jumatatu. Chuma kinasema."

Mkwe alikunja gazeti lake vizuri, kona kwa kona. "Afande, mimi ni mtu wa dukani, sijui bolti. Kama kuna wezi walichezea gari uani, chunguzeni. Mimi sina haraka. Nitakaa hapa mpaka mmalize yote." Akatazama saa ya ukutani.

Hapo ndipo Inspekta alipomwelewa. Asubuhi nzima alidhani mtu huyu anatazama saa kwa hofu ya kukamatwa. Alidhani yeye ndiye anayemshikilia. Kumbe Mkwe hakuwa akingoja saa sita aachiwe. Alikuwa akingoja saa za mzee zipite, hizo tu, na hapakuwa na mahali pazuri pa kuzingojea kama kwenye benchi, mbele ya polisi wawili na fundi anayefanya kazi polepole. Kila swali alilomuuliza lilikuwa zawadi.

Alirudi shimoni karibu aanguke. "Mzee wangu, nitafutie kitu. Chochote. Alilegezea wapi? Si uani, ni wapi?"

Kobe alichukua spana yake, akafungua bolti ya chini mpaka ikatoka nzima, akaiweka kwenye kitambaa cheupe. Akaishika chini ya taa na kuigeuza taratibu. Safari hii Inspekta hakumharakisha.

"Hapa," Kobe alisema.

Chini ya washa, kile kibati cha duara kinachokaa kati ya bolti na chuma, kulikuwa na vipande vitatu vya kitu chepesi, vimebanwa bapa kwenye grisi. Kobe alikibandua kimoja kwa ncha ya kisu.

"Pumba za mpunga. Na ziko chini ya washa, si juu. Washa ilinyanyuka, pumba zikaingia, washa ikakaa. Mtu alilala chali juu ya pumba akalegeza bolti hii. Mkono wake ulikuwa na pumba."

"Pumba zimejaa kila banda la kuku mji huu," Inspekta alisema.

"Za banda la kuku ni za njano, zina mavi, na zimekanyagwakanyagwa. Tazama hii. Ni ya kijivu. Hii imenyeshewa mvua miaka kadhaa. Imetoka kwenye lundo la zamani ambalo hakuna anayelichukua."

Inspekta alishika simu kwa vidole vyenye grisi. Binti wa karani alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Baba yako alikuwa karani wa wapi?"

"Wa mizani, dada. Alipima magunia."

"Magunia ya nini?"

"Ya mpunga. Kwenye kile kinu cha mtoni, kilichofungwa. Alikaa pale miaka ishirini na miwili. Mpaka leo anakisema kama vile kitafunguliwa kesho. Kwa nini?"

"Ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita thelathini na kitu. Dada, kwa nini?"

"Chukua dawa zake zote, nenda hospitali ukanisubiri mlangoni. Waambie wajiandae."

Aliinua uso. Gari la kituo lilikuwa limepeleka mahabusu mahakama ya mbali, halingerudi kabla ya saa saba. Kutafuta gari la kukodi ni nusu saa, na nusu saa nyingine kubishana. Kwenye gereji ya Kobe kulikuwa na injini mbili sakafuni, gari moja lisilo na milango, na hili.

"Hili linaweza kwenda?"

"Nikikaza bolti tatu, linaweza. Kile kiungo cha tairodi kitavumilia, tukienda kwa adabu."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kaza moja twende!"

"Nikikaza moja utafika kwenye mtaro wa kwanza," Kobe alisema, na tayari alikuwa amelala chali na spana kifuani. "Nishikie taa. Usitetemeshe."

Alishika taa kwa mikono miwili. Kobe alifungua bolti mbili zilizobaki, akaosha uzi wa kila moja, akazirudisha zote tatu kwa vidole kwanza, akazikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili boksi likae sawa. Inspekta aliomba, alitukana, aliomba tena. Kobe alifanya kazi kwa mwendo wake uleule. Alipomaliza alimwambia konstebo achezeshe, akaweka kiganja kati ya boksi na chesesi, akatulia.

"Limekaa."

Konstebo alimtia Mkwe pingu kwenye nguzo ya benchi. Inspekta aliinama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nakwenda kinuni. Kama kuna la kuniambia, niambie sasa. Lipi litakusaidia zaidi, tumkute hai au tumkute amekufa?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Mkwe alipauka. "Namtaka wakili wangu," alisema.

Kobe ndiye aliyeendesha, na watu wa mji ule wangesimama barabarani kushangaa, maana Kobe alikimbiza. Penye lami aliyapita malori. Penye vumbi aliushika usukani kama anayeshika mkono wa mtoto sokoni, akilisikiliza gari, akipunguza penye mashimo na kuongeza penye uwazi. Halikuyumba hata mara moja. Swali moja lilimkaba Inspekta njia nzima. Kama Mkwe alitaka kisingizio cha gari bovu, angelegeza bolti nyumbani, uani kwake, penye kivuli. Kwa nini azilegezee kinuni, halafu ahatarishe roho yake kilomita thelathini kurudi na usukani unaoelea?

Kinu kilikuwa na mabati yaliyobaki nusu. Lundo la pumba lilikuwa refu kama nyumba, la kijivu. Mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na kufuli, kamba wala mnyororo, na Inspekta alipoona hivyo aliogopa zaidi.

Karani alikuwa ameketi chini, ameegemea chuma cha mizani yake ya zamani, fimbo mapajani. Pembeni yake kulikuwa na chupa nne kubwa za soda, tupu. Mtu alikuwa amemwachia soda mgonjwa wa sukari. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka utamu wa matunda yaliyooza. Lakini macho yaligeukia upande wa nyayo zao.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni polisi, baba," Inspekta alisema, akapiga magoti. "Tumekuja kukuchukua. Mshike miguu, mzee wangu, mimi nishike mabega."

"Hapana." Ulimi wake ulikuwa mzito. Alishika chuma cha mizani kwa mikono yote miwili. "Siendi. Namsubiri mkwe wangu."

"Baba, unaumwa. Lazima twende."

"Alinileta nikisalimie kinu changu. Gari likaharibika. Nilimwambia nirudishe nikadunge sindano, akasema usukani umekufa, baba, tutauana njiani." Alivuta pumzi, akavuta nyingine. "Akanishikisha mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nikasikia unavyocheza. Nikamwambia, nenda, mwanangu, nenda polepole mno. Mimi mzee nitakungoja hapa."

Kobe aligeuza uso akatazama ukutani.

"Amechelewa," karani alisema. "Isije ikawa amepata ajali kwa ajili yangu. Akirudi asinikute atahangaika kijana wa watu. Siondoki."

Vidole vyake vilikuwa vimekibana chuma mpaka vimekuwa vyeupe. Kumbandua kwa nguvu kungemmaliza. Hapakuwa na muda wa kumweleza ukweli, na hata ungekuwepo, Inspekta asingekuwa na moyo wa kuusema. Katika miaka kumi na sita ya kazi hakuwahi kumdanganya shahidi.

"Ndiye aliyenituma, baba," alisema. "Alifika salama. Gari limepona, liko hapo nje, amesema nikuletee."

Uso wa mzee ulilegea, akatabasamu.

"Nilijua hawezi kunisahau," alisema, akaachia chuma na kunyoosha mikono abebwe.